Kichujio cha tangi la samaki kisichaguliwe kwa maneno ya kwenye boksi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme na wenzangu wanaofuga samaki wa mapambo ndani ya nyumba, hasa wanaoanza, ambao swali lao la kwanza huwa ni lile lile: ni mtambo gani wa kusafisha maji ulio wa bei nafuu na utakaowafaa? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa tangi lenyewe, meza yake na samaki huwa vimeshakula sehemu kubwa ya fedha. Kasoro iko kwenye majibu, ambayo aghalabu huanzia kwenye mashine wakati yalipaswa kuanzia kwenye uchafu. Mtu hajaelezwa anataka kuondoa nini majini, lakini tayari ameshashawishiwa anunue chombo chenye taa, mikebe mitatu na mirija isiyo na idadi, na kesho yake anaulizwa kwa nini samaki wake wanakufa katika maji yanayong'aa kama kioo.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulifahamu ni kwamba kinachoua samaki wengi wa nyumbani hakionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia muda wote, sehemu kubwa ikipitia kwenye matamvua yake wakati anapopumua, na nyingine hutokana na kinyesi na chakula kilichobaki kikaoza chini ya changarawe. Amonia haina rangi, na kwa kiwango kinachotosha kudhuru matamvua haina hata harufu ya kumshtua mwenye nyumba. Ukali wake hutegemea hali ya maji: katika nyuzi joto 25, maji yenye pH (kipimo cha uasidi wa maji, ambacho hupanda uasidi unapopungua) ya 7 huwa na chini ya asilimia 1 tu ya amonia yote ikiwa katika hali yake ya sumu kali, lakini pH ikipanda hadi 8, sehemu hiyo hufika takriban asilimia 5. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kununua samaki wale wale, wakawalisha chakula kile kile, mmoja akaona mafanikio na mwingine akazika samaki kila wiki. Weupe wa maji, kwa hiyo, hauthibitishi chochote kuhusu usalama wake, ingawa ndio unaouza vichujio vingi.

Wanaoondoa sumu hiyo ni bakteria, si mashine. Kundi moja, ambalo Nitrosomonas ni miongoni mwao, huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili, ambalo katika matangi ya maji yasiyo ya chumvi huwa hasa ni Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huistahimili mpaka irundikane sana. Bakteria hawa hawapendi kuelea. Hujishikiza kwenye kila kitu kilicho majini, iwe kioo, jiwe, mizizi au plastiki, na wanachohitaji ni mahali pengi pa kushika pamoja na maji yenye oksijeni yanayowapitia bila kukoma. Ukishalikubali hilo, maana ya kichujio hubadilika: ni makazi ya bakteria yanayopitiwa na maji, na kazi yake ya kunasa takataka zinazoelea, ambayo ndiyo inayosifiwa dukani, ni ya ziada tu. Makazi hayo hayana sababu ya kuwa ghali.

Ndiyo maana, kwa tangi la kawaida lisilozidi lita 100 hivi, lenye samaki wadogo wasiosongamana, nawashauri wasomaji waanze na kichujio cha sifongo kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Muundo wake hauna fumbo. Pampu ndogo iliyo nje ya tangi husukuma hewa kupitia mrija mwembamba hadi kwenye bomba lililosimama katikati ya sifongo. Viputo vinapopanda ndani ya bomba huyavuta maji kwenda juu pamoja navyo, na maji mengine hulazimika kuingia kupitia kwenye matundu ya sifongo ili kujaza nafasi. Ndani ya maji hakuna mota, hakuna umeme, hakuna kitu kinachozunguka cha kumnasa kifaranga wa samaki. Hapo hapo viputo huutikisa uso wa maji, na huko usoni ndiko oksijeni huingia kwa wingi. Kinachoharibika mara nyingi ni kipande cha mpira ndani ya pampu, ambacho kwa pampu nyingi huuzwa peke yake na hubadilishwa kwa bisibisi.

Kina aibu zake, na si vizuri kuzificha. Kinachukua nafasi ndani ya tangi na hakipendezi machoni, pampu nyingine hunguruma usiku kiasi cha kumkosesha mtu usingizi, na takataka kubwa hakizinasi vizuri kama vichujio vya mota. Anayefuga samaki wa dhahabu, ambao ni walaji wakubwa na wachafuzi wakubwa kuliko udogo wao wanapouzwa unavyoonyesha, atahitaji sifongo mbili au chombo chenye nguvu zaidi. Pia pampu ya hewa iwekwe juu ya usawa wa maji, au mrija ufungwe valvu ya njia moja, kwa sababu umeme ukikatika maji yanaweza kurudi kwa mrija hadi kwenye pampu na kutiririka sakafuni. Valvu hiyo ni kipande cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kidole gumba na ndicho cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo mzima, lakini mara nyingi hakimo kwenye boksi.

Wanaopenda kujitengenezea wanaweza kutumia chupa ya plastiki iliyotobolewa, kipande cha sifongo na mrija wa hewa, na kitafanya kazi. Tahadhari yangu ni moja: sifongo za kuoshea vyombo zisitumike bila kujua zilivyotengenezwa, kwani nyingine hutiwa sabuni au dawa ya kuua vijidudu, na hapo utakuwa umewajengea bakteria nyumba yenye sumu ukutani. Sifongo yenye matundu makubwa kiasi ni bora kuliko ile laini, ambayo huziba baada ya siku chache.

Aina ya pili inayouzwa sana kwa wanaoanza ni kichujio kinachoning'inizwa ukingoni mwa tangi, au kile cha ndani chenye mota yake, ambavyo vingi hutumia kifuko kinachochomekwa, chenye kitambaa kwa nje na mkaa maalumu wa kufyonza ndani yake. Mashine yenyewe huuzwa kwa bei ya kuvutia, kisha maelekezo yanamtaka mnunuzi atupe kifuko kila baada ya wiki chache na kununua kingine. Hapa ndipo unafuu unapogeuka gharama. Kila kifuko kinachotupwa huondoka na sehemu kubwa ya bakteria waliokuwa wameshazoea kazi, amonia hupanda tena, samaki huugua, na mwenye nyumba hurudi dukani kununua dawa. Mashine hizo si mbovu. Mtu aliyekwisha kuinunua na aitumie, ila baada ya kile kifuko cha kwanza, na aingize mahali pake kipande cha sifongo kilichokatwa kwa kipimo cha nafasi ile, akiache kikae pamoja na kifuko cha zamani kwa wiki kadhaa ili bakteria wahamie, kisha asinunue kifuko tena. Sifongo hiyo hiyo inaweza kumfaa kwa miaka.

Namna ya kuiosha ni sehemu ya uchaguzi, kwa hiyo siwezi kuipita. Siku ya kubadilisha maji, maji ya tangi yaliyotolewa huwekwa kwenye ndoo, sifongo huzamishwa humo na kukamuliwa taratibu mara kadhaa. Yatatoka maji ya kahawia mazito kama uji wa ulezi, na watu wengi hushikwa na kichefuchefu wakataka kuendelea chini ya bomba mpaka sifongo iwe kama mpya. Wasifanye hivyo. Lengo ni kuzibua matundu ili maji yapite, na rangi ya kahawia inayobaki ndani ya nyuzi ndiyo mali waliyoikuza kwa wiki kadhaa. Klorini ya maji ya bomba inaweza kuiua kwa dakika chache. Ukiwa na vichujio viwili, osha kimoja wiki hii na kingine wiki nyingine.

Kuhusu nguvu za mashine, boksi huandikwa idadi ya lita kwa saa, na mnunuzi huambiwa achague inayozungusha maji yote ya tangi mara nne hivi kwa saa moja. Kanuni hiyo inasaidia kama mwanzo, ilimradi ajue lita za tangi lake kwa kweli: urefu kwa upana kwa kina katika sentimita, gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 36 ni lita 64.8 likijazwa pomoni, na ukitoa changarawe, mawe na nafasi iliyoachwa juu, unabaki na kama lita 55. Lakini namba ya kwenye boksi kwa kawaida hupimwa kichujio kikiwa hakina sifongo wala kitu kingine ndani. Anayetaka ukweli na akinge jagi la lita 2 kwenye mdomo wa kichujio na kuangalia saa. Jagi likijaa kwa sekunde 30, mashine inatoa lita 240 kwa saa, hata kama boksi linasema 500. Na nguvu nyingi nazo si baraka kila mara: samaki wa aina ya betta, wenye mapezi marefu, huchoshwa na mkondo mkali hata wakakimbilia kujificha pembeni.

Gharama ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa ni ya umeme. Kichujio hakizimwi usiku wala mchana, hivyo kila wati inahesabika. Pampu ya hewa ya wati 4 hutumia takriban kilowati-saa 35 kwa mwaka mzima. Mtambo wa wati 30 hutumia takriban 263. Kila msomaji azidishe tofauti hiyo kwa bei ya umeme anayolipa, kisha aangalie upya ile mashine iliyopunguzwa bei.

Sasa nije kwenye vitu vinavyouzwa kwa jina la kusafisha maji ambavyo, kwa maoni yangu, anayeanza hana haja navyo. Taa ya mionzi ya urujuanimno huua vijidudu na mwani unaoelea ambao maji yake yanaipitia, na kwa tangi lililogeuka kijani kibichi inaweza kuwa dawa halisi. Lakini haigusi amonia, na balbu yake hupungua nguvu baada ya takriban mwaka mmoja ingawa mwanga wa buluu unaendelea kuonekana, hivyo mtu hubaki akilipia umeme wa taa isiyofanya kazi. Mkaa maalumu wa kufyonza huondoa harufu, rangi ya chai itokanayo na magogo, na mabaki ya dawa baada ya kutibu samaki. Hapo unafaa sana. Hauondoi amonia wala nitrati, hujaa baada ya wiki chache, na ukisahaulika ndani ya kichujio siku ya kutia dawa, utafyonza dawa yenyewe.

Mashine ya kusukuma maji kupita kwenye utando mwembamba, ile ambayo watu huiweka jikoni kwa maji ya kunywa, ndiyo inayonisikitisha zaidi inapouzwa kwa mfugaji mdogo. Utando huo huondoa karibu chumvi zote zilizoyeyuka, pamoja na zile zinazoyawezesha maji kuhimili mabadiliko ya pH. Maji yanayotoka ni matupu mno kwa samaki wengi mpaka yarudishiwe madini, na kwa kila lita inayopatikana mashine nyingi za nyumbani humwaga lita kadhaa. Anayefuga samaki na matumbawe wa bahari, au anayezalisha samaki wa maji laini sana, ana sababu ya kuinunua. Wengine wote watapata matokeo mazuri zaidi kwa kuchagua samaki wanaoyapenda maji yanayotoka kwenye bomba lao.

Maji hayo ya bomba yanahitaji kitu kimoja tu kabla ya kuingia tangini, nacho ni kuondolewa klorini. Yakiachwa kwenye ndoo wazi kwa saa 24, hasa yakiwekewa viputo vya hewa, klorini ya kawaida hutoka yenyewe bila gharama yoyote. Anayeharakisha atumie sodiamu thiosalfeti, chumvi nyeupe inayoyeyuka haraka na ambayo kidogo chake hutosha maji mengi. Dawa nyingi za kuondoa klorini zinazouzwa katika vichupa vya kupendeza zina kitu hicho hicho. Panapotiwa kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, badala ya klorini, hali hubadilika, kwa sababu kloramini haitoki upesi kwa kuachwa wazi, na thiosalfeti inapoivunja hubakiza amonia majini, kwa hiyo inafaa itafutwe dawa inayoshughulikia vyote viwili. Mamlaka inayosambaza maji huweza kumwambia mteja ni ipi inayotumika, na kuuliza hakulipiwi.

Nisije nikaeleweka kwamba mashine kubwa hazina kazi. Kichujio cha mkebe, kinachokaa chini ya meza na kuyavuta maji kwa mirija miwili, huwa na nafasi kubwa ya sifongo na vigae (vipande vigumu vyenye matundu) vya kukalia bakteria, na kwa tangi la lita 200 na zaidi ni fedha iliyotumika vizuri. Lakini mkebe huo umefungwa. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio ndani humaliza oksijeni iliyobaki, huanza kufa, na umeme unaporudi mashine huyatapika maji hayo machafu moja kwa moja juu ya samaki. Mwenye nao anapaswa kuufungua na kuusuuza kabla ya kuuwasha upya. Sifongo iliyomo ndani ya tangi haikabiliwi na hatari hiyo kwa kiwango kile, kwa kuwa imezungukwa na maji yenye hewa, na pampu zinazotumia betri kwa dharura zipo na si ghali. Vile vichujio vya kizamani vya sahani zinazolazwa chini ya changarawe navyo ni rahisi na vinafanya kazi, ila matope hujikusanya chini yake mahali ambapo mkono haufiki.

Fedha iliyookolewa kwenye mashine ningependa itumike kununua vipimo vya amonia, nitriti na nitrati, vile vya matone vinavyobadilisha rangi ndani ya kichupa. Tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kabla bakteria hawajatosha, na hakuna kichujio, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kuwekwa leo kikafanya kazi yote kesho. Njia ya kufupisha muda huo ipo: kuomba sifongo iliyotumika kutoka kwa mfugaji ambaye samaki wake ni wazima na kuiweka ndani ya kichujio kipya ikiwa bado imelowa. Vipimo vikionyesha amonia na nitriti ziko sifuri siku baada ya siku huku samaki wachache wanalishwa, hapo ndipo wengine waongezwe, kidogo kidogo. Nitrati yenyewe haitaondolewa na kichujio chochote kati ya hivi nilivyovitaja; huondolewa kwa kubadilisha robo ya maji hivi kila wiki, na kwa mimea inayokua haraka, hasa inayoelea, ambayo huila amonia pia.

Anayenunua mashine iliyotumika, jambo ambalo naliunga mkono, aitazame ikifanya kazi ndani ya maji kabla ya kutoa fedha, akague kama mpira unaoziba kifuniko cha mkebe haujakauka na kupasuka, achomoe kipangaboi kidogo cha mota aone kama kinazunguka bila kusugua, na aulize kama vipuri hivyo viwili bado vinauzwa. Vikiwa havipatikani, bei yoyote ni kubwa. Kama haijulikani samaki wa awali walikufa kwa nini, vigae na sifongo vya ndani vitupwe na mashine ioshwe na kukaushwa kabisa.

Kwa wauzaji nina ombi moja, nalo halitawagharimu chochote: pembeni ya bei, waandike wati, ujazo wa nafasi ya kuweka sifongo, na kama mteja atalazimika kununua vifuko kila mwezi. Mteja akiwa na taarifa hizo tatu mkononi ataweza kulinganisha vichujio viwili akiwa amesimama pale pale kwenye rafu, bila kumtegemea anayemuuzia.

Wako,
Mfugaji wa samaki wa mapambo